Shaaban Robert na nchi iliyo angani: Tusizipuuze riwaya za ajabu

Aghalabu mwanafunzi anapomwendea mwalimu wake wa Kiswahili na kumwomba ampendekezee riwaya ya majini, ya vyombo vya angani au ya mizimwi inayowanyima watu usingizi, mwalimu hukunja uso. Humweleza kwamba hayo ni mambo ya watoto, au ya Wazungu, na kwamba mwenye mtihani mbele yake hana wakati wa kupotezea uongo. Kijana huyo huondoka, akazisoma hadithi hizo kwa Kiingereza, huku akiamini kuwa Kiswahili hakina ghala la ndoto. Imani hiyo ni potovu. Shahidi wa kwanza wa kuipinga ni marehemu Sheikh Shaaban Robert, bingwa ambaye mwalimu yuyo huyo humtaja kwa heshima karibu kila juma.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na mji wa Tanga, katika koloni lililokuwa chini ya Wajerumani, na wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, nchi ikaangukia mikononi mwa Waingereza, naye akapelekwa kusoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Elimu yake ya shule ikakomea hapo. Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha, kazi aliyoifanya takriban miaka 18. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa katika idara iliyoshughulikia wanyama, kisha akarudi Tanga kuhudumu katika ofisi ya wilaya, na hatimaye katika idara ya upimaji wa ardhi.

Yafaa tuitazame kazi hiyo kwa makini. Karani Mwafrika wa zama zile alikuwa mtu wa kuandika barua za wengine. Mshahara wake ulikuwa mdogo, wakubwa wake walikuwa wageni, na neno moja la ukaidi lingeweza kumwachisha kazi. Shaaban Robert alikuwa na jamaa ya kulisha. Alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto, na msiba huo akautungia shairi ambalo wanafunzi wetu wanalikariri hadi leo. Mtu aliye katika hali kama hiyo, akiona dhuluma, ataisema vipi asikatiwe riziki? Wengi walinyamaza. Yeye alitafuta nchi ambayo haikuwamo katika ramani ya mtawala yeyote.

Mwaka 1951 ilichapishwa riwaya yake Kusadikika, na nchi inayosimuliwa humo imo angani. Ni ufalme ambao raia wake hutakiwa kusadiki kila waambiwalo. Humo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno, na kosa lake ni kuwafundisha watu uanasheria. Akiwa kizimbani anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini ili wakaulete ujuzi wa mataifa mengine. Kila mmoja alirejea na heri, na kila mmoja alilipwa kifungo. Msomaji wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja hakuhitaji mkalimani ili aelewe kwamba nchi hiyo ya hewani ilifanana mno na nchi aliyoikanyaga kwa miguu yake.

Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze. Kitabu hiki kina kila kinachotafutwa na mpenzi wa hadithi za kutisha. Adili ni liwali wa Janibu, mtu mpole na mwaminifu katika kazi yake, lakini kila usiku huwatandika mijeledi manyani wawili aliowafunga, kisha hulia. Siri hiyo inapofika kwa Mfalme Rai, Adili hana budi kusimulia. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa kijicho, nao wakageuzwa na jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Mna humo mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na mna bahari, milima na viumbe wasiojulikana. Kiini cha kisa hiki kinatokana na Alfu Lela U Lela, lakini Shaaban Robert hakukinakili. Katika masimulizi ya kale ndugu wale waliporudishiwa ubinadamu walimwua aliyewasamehe. Shaaban Robert alikataa mwisho huo, akawapa toba na udugu. Fauka ya kuwatisha wasomaji wake, aliwaonyesha njia ya kutoka katika kile kinachotisha.

Ikumbukwe pia kwamba kabla yake vitabu vingi vya kusisimua vilivyosomwa shuleni kwa Kiswahili vilikuwa tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina viliwasisimua vijana wa miaka ya 1930, lakini ndani yake Mwafrika alikuwa mpagazi au kivuli tu. Shaaban Robert alibaki na maajabu akawaondoa mabwana wa safari. Katika falme zake mfalme, waziri, mshtakiwa na jini wote husema Kiswahili kitamu, na hakuna mgeni anayekuja kuwaokoa.

Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Katika uhai wake alikuwa mwanakamati wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ilikuwa imemtunuku nishani ya MBE. Hata hivyo, baadhi ya kazi zake zilikuwa bado miswada. Kufikirika, hadithi ya mfalme mwenye nguvu na mali tele lakini asiye na mrithi, ilichapishwa mwaka 1967, mwandishi akiwa tayari kaburini miaka mitano.

Sasa na tuulize: mtu huyu tunamfundisha vipi? Tunawaambia wanafunzi wayataje maudhui, tamathali na wasifu wa wahusika. Tunawaambia kwamba Kusadikika ni ukoloni, Majivuno ni mtawala, Karama ni mkombozi, basi. Tukishamenya hivyo, ganda tunalitupa, na ganda lenyewe ndilo nchi ile iliyoelea hewani! Mwanafunzi anamaliza kitabu bila kushangaa hata mara moja. Kisha twalalamika kwamba vijana hawapendi kusoma Kiswahili.

Nakubali kwamba wasiwasi wa mwalimu una msingi. Ziko hadithi nyingi za kutisha ambazo hazina lolote ila damu na kelele, na msomaji akizifunga hubaki alivyokuwa. Mtihani nao haungoji mtu. Lakini dawa ya kitabu kibaya ni kitabu kizuri cha aina ile ile. Kijana aliyeonja jini hatashibishwa kwa insha ya maadili. Kipimo ambacho Shaaban Robert ametuachia ni chepesi: je, tukirudi kutoka nchi hiyo ya ajabu, tunaiona yetu vizuri zaidi? Kama jibu ni ndiyo, kitabu hicho kinastahili kupendekezwa.

Wala hatuna uhaba wa vitabu vya kupendekeza, kwa kuwa mbegu aliyoipanda haikuoza. Katama Mkangi, Mkenya aliyewekwa kizuizini katika miaka ya 1980, aliandika Walenisi mwaka 1995. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatupwa ndani ya chombo cha kumpeleka mautini, naye anakiongoza hadi nchi ambako watu wanaishi kwa usawa. Ni safari ya angani iliyotungwa na mtu aliyezijua kuta za gereza. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba vyenye dunia iliyobomoka, ambavyo humchosha mvivu na kumlevya mdadisi. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimtoa mzee kaburini amsute mjukuu mwenye cheo na tamaa. Mwaka 2002 Kyallo Wadi Wamitila alitupatia Bina-Adamu!, safari ya ndoto kuzunguka kijiji cha ulimwengu kumsaka mkorofi asiyeonekana. Anayetaka majini aanze na Adili. Anayetaka nyota aanze na Walenisi. Anayetaka mzimu amwite Babu.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kila muhula, nje ya vitabu vya mtihani, mpeni kila mwanafunzi riwaya moja ya ajabu kwa Kiswahili, wala msimwulize maswali kumi na mawili akishaimaliza. Mwulizeni moja tu: ni nini kilichomtia hofu, na kwa nini? Kwenu wanafunzi, msingoje kupewa. Ingieni maktaba mkatafute wenyewe, na mkikosa, andikeni ya kwenu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Karani wa forodha, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu mizigo ya watu wengine, aliijenga nchi nzima hewani kwa kalamu, na watawala waliokuwa wakubwa wake wameondoka, nchi hiyo ingalipo. Ikiwa yeye, kwa elimu ile ya miaka minne na riziki ile ya mashaka, hakuogopa kuota kwa Kiswahili, sisi wenye shule, maktaba na uhuru tutatoa udhuru gani?