Vavilov na migomba ya bibi

Shamba la bibi yangu kule Kanazi, Ngara, lilikuwa na migomba ya kila namna: ya kupika, ya kuivisha, ya pombe. Mimi msomi nikamshauri aing'oe ya zamani, apande aina moja inayouzika. Akanisikiliza. Halafu nikasoma maisha ya Nikolai Vavilov, nikaona aibu.

Jamaa huyu alizaliwa Moscow mwaka 1887. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, na mwaka 1927 alikuwa hapa jirani, Ethiopia. Alijua kwamba aina za zamani ndizo zenye kinga tutakayoihitaji ugonjwa mpya ukiingia. Mwaka 1929 alifika Alma-Ata, kwenye misitu ya matufaha ya mwituni. Sasa, tufaha ukilipanda kwa mbegu hupati tunda lilelile; kwa hiyo taasisi yake ilitunza miti yenyewe, hai, shambani Pavlovsk, karibu na Leningrad.

Serikali ya Stalin ilimkamata Agosti 1940. Alifia gerezani Saratov, Januari 1943, amedhoofika kwa njaa. Leningrad nako, mji ukiwa umezingirwa na Wajerumani, baadhi ya wenzake walikufa njaa huku wakilinda maghala ya mbegu.

Mgomba wetu hauna hata mbegu ya kuweka ghalani. Aina ikitoweka shambani, ndiyo basi. Likizo hii sirudi na ushauri, wenzangu. Napita kwa majirani kuomba machipukizi, nimrudishie bibi migomba yake.