DAVID LIVINGSTONE NA TUNDA LA KIASI



Ukishika barabara inayoelekea Rumonge, kilomita kama 10 kusini ya Bujumbura, pale Mugere kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watoto huuliza ni akina nani. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti. Leo nataka tumwangalie yule mwingine, hasa kwa habari ya kiasi, yaani kujitawala, ambacho Paulo anakitaja mwisho katika tunda la Roho.

David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Uskoti. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja, jambo ambalo sisi hatuhitaji kuelezwa. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha pamba, kazi ya saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akakiweka juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akawa anasoma sentensi moja kila anapopita mbele yake. Baada ya kazi alikwenda shule ya jioni, kisha akasoma nyumbani mpaka mama yake amnyang'anye vitabu usiku wa manane. Hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 1840 akapata udaktari, na 1841 akafika Afrika Kusini kama mmisionari.

Lakini tusimfanye malaika. Tangu 1852 mkewe Mary alikaa Uingereza na watoto miaka minne, katika shida ya fedha, huku yeye akivuka Afrika toka Luanda hadi Quelimane. Katika safari ya Zambezi aligombana na wenzake, na Mary akafia huko Shupanga mwaka 1862. Mwili wake aliutawala. Hasira yake haikumtii kila mara. Akina baba, hapo tuangalie vizuri.

Julai 1871 alikuwa Nyangwe, Kongo, kando ya Lualaba. Sanduku la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867. Karatasi nazo zimekwisha. Akachukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mmea wa porini. Hivyo ndivyo alivyoandika habari za tarehe 15 Julai, wakati watu wa wafanya biashara ya watumwa walipowapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake. Angengoja karatasi safi, nani angejua? Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwatia nguvu waliodai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, nalo likafungwa mwaka 1873.

Oktoba alifika Ujiji mgonjwa, akakuta vitu vyake vyote vimeuzwa. Stanley akamkuta huko, akamletea chakula na dawa. Kabla ya mwezi wa Novemba kwisha walikuwa katika mtumbwi, wakija huku kwetu kuona kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Inaingia, kwa hiyo Mto Nile hauanzii upande huo. Stanley alimsihi arudi kwao, akakataa. Mimi hapo naona kujitawala kumekaribiana sana na ukaidi.

Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hapakuwa na bwana wa kuwasimamia. Daftari zake pia walizileta. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha, wakakaa na mchungaji Horace Waller, wakimweleza yale yasiyosomeka vizuri, mpaka kitabu kikatoka mwaka huo huo.