Margaret Dayhoff, mama aliyefungua njia ya kusoma virusi kwa kompyuta

Mwezi Septemba 2023, wagonjwa wa Mpox walianza kuonekana Kamituga, huko Mwenga. Baadaye ugonjwa ukafika Uvira, na kutoka Uvira hadi Makobola ni kufuata tu barabara ya kando ya ziwa. Wataalamu waliposoma kirusi hicho herufi kwa herufi na kukilinganisha na vya zamani kwa kompyuta, waligundua ni tawi jipya. Tena kilikuwa kimepoteza kipande ambacho baadhi ya vipimo vilikuwa vinakitafuta. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa mgonjwa, na kipimo kikakosa kumtambua. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ikatangaza dharura ya kimataifa.

Kazi hiyo ya kulinganisha huitwa bioinformatiki. Mmoja wa walioianzisha ni Margaret Dayhoff, Mmarekani aliyezaliwa Philadelphia tarehe 11 Machi 1925.

Alisoma hesabu, kisha mwaka 1948 akapata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia. Hata wakati ule alifanya hesabu zake kwa mashine za kadi zenye matundu, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisi. Baadaye aliacha kazi kwa miaka kadhaa ili kulea binti zake wawili. Wengi wangedhani safari yake imeishia hapo.

Mwaka 1960 alijiunga na taasisi ya utafiti wa tiba huko Maryland. Pamoja na Robert Ledley aliandika programu ya kuunganisha vipande vya protini, kama mtu anayepanga upya barua iliyochanika. Protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20, na majina yake ni marefu. Kompyuta za siku zile zilikuwa na nafasi ndogo mno, basi Dayhoff akaipa kila moja herufi moja tu. Mwaka 1965, yeye na wenzake walitoa kitabu chenye protini 65, karibu zote zilizokuwa zimesomwa duniani. Mwaka 1978 walitoa jedwali la kupima jinsi protini zinavyobadilika kizazi hadi kizazi.

Lakini kitabu hicho kilimletea ugomvi pia. Maabara nyingine zilisita kumpa matokeo yao, zikisema anakusanya jasho la wengine. Yeye naye, kwa kukosa fedha za kutosha, aliuza nakala. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na sababu. Nasi tunaotoa sampuli za damu na vidonda tunaujua ugomvi wa namna hiyo. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipochagua nani atunze hazina ya taifa ya chembe za urithi, kazi ilipewa watu wengine, waliokubali kuiacha wazi kwa wote.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1983, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 57.

Hazina yake ya protini iliunganishwa na nyingine mwaka 2002 na kuwa UniProt, ambayo haiuzwi. Mwanafunzi wa Makobola akipata umeme na mtandao, anaifungua bila kulipa hata faranga moja, na herufi atakazozikuta humo ni zile zile za Dayhoff.