Shackleton: Aliokoa wa karibu, akapoteza wa mbali

JINA la Ernest Shackleton hutajwa sana panapozungumzwa uongozi wakati wa dhiki. Mvumbuzi huyo alizaliwa Kilkea, Ireland, mnamo Februari 15, 1874, akaanza kazi ya ubaharia akiwa na umri wa miaka 16.

Mnamo Januari 1909 alibakisha kilomita 180 hivi kuifikia Ncha ya Kusini. Chakula kilipopungua, alikata shauri kurudi. Aliikosa sifa aliyoitamani, lakini wenzake watatu walirejea hai.

Mwaka wa 1914 alianza safari ya kulivuka bara la Antaktika. Kazi iligawiwa vikosi viwili. Yeye na watu 27 walisafiri kwa meli ya Endurance. Kikosi cha pili, kwa meli ya Aurora, kilitumwa upande wa pili wa bara, kwenye Bahari ya Ross, kuweka akiba ya chakula ambacho wavukaji wangekihitaji mwishoni mwa safari.

Endurance ilinaswa na barafu Januari 1915, ikazama Novemba. Tangu hapo, lengo likawa kurudisha kila mtu nyumbani. Shackleton alitupa sarafu zake za dhahabu ili kupunguza mzigo, lakini akaagiza banjo ihifadhiwe iwachangamshe watu. Wanung'unikaji aliwalaza katika hema lake, wasije wakawavunja wengine moyo.

Aprili 1916 walifika Kisiwa cha Elephant. Yeye na watu watano wakavuka bahari kali kwa mashua, kilomita 1,300 hivi, hadi South Georgia kutafuta msaada. Watu 22 waliachwa chini ya Frank Wild, aliyewahimiza kila siku wafunge virago tayari kuokolewa. Majaribio matatu ya kuwafikia yaligonga mwamba. La nne, kwa meli ya Yelcho ya Chile, lilifaulu Agosti 30, 1916. Wote 28 walikuwa hai.

Kikosi cha Ross hakikuwa na bahati hiyo. Kiliondoka Australia kikiwa na uhaba wa fedha. Kwa kudhani kwamba Shackleton angevuka msimu wa kwanza, kiliharakisha kazi na kupoteza mbwa wengi. Mei 1915 dhoruba iliisukuma Aurora baharini, watu 10 wakaachwa pwani. Bila habari zozote kuhusu Endurance, walizidi kuburura chakula barafuni kwa ajili ya wageni ambao hawangefika.

Kazi waliikamilisha, lakini Arnold Spencer-Smith alikufa kwa kiseyeye, nao Aeneas Mackintosh na Victor Hayward wakatoweka wakivuka bahari iliyoganda. Shackleton aliwafikia Januari 1917, akawakuta saba.

Hivyo, sifa ya kutompoteza hata mtu mmoja ni ya kweli kwa waliomwona kila siku. Walioachiwa agizo na kukosa taarifa ndio waliolipa.

Shackleton alifariki Januari 5, 1922, akiwa na umri wa miaka 47, katika safari nyingine ya kusini. Alizikwa Grytviken, South Georgia.