Muthulakshmi Reddy: Daktari aliyepeleka muswada wake barazani

WAFANYABIASHARA wengi wa mpakani wakisikia jina la Chennai hukumbuka hospitali. Ni mmoja wa miji ya India ambako wagonjwa wa ukanda wetu hupelekwa matibabu ya hapa yanaposhindikana. Zamani mji huo uliitwa Madras, na ulikuwa makao makuu ya jimbo kubwa la kusini mwa India chini ya Waingereza.

Katika baraza la jimbo hilo, mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari mmoja mwanamke alifanya jambo ambalo hata leo wabunge wachache hulithubutu. Bila kusubiri serikali wala maelekezo ya chama, aliandaa muswada wake binafsi, akausimamia hadi ukawa sheria. Jina lake ni Muthulakshmi Reddy.

Alizaliwa Julai 30, 1886 huko Pudukkottai, utawala mdogo wa kifalme kusini mwa India. Baba yake alikuwa Mbrahmin na mkuu wa chuo. Mama yake alitoka katika jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu tangu utotoni. Kwa ndoa hiyo, baba alitengwa na ndugu zake.

Enzi hizo msichana akivunja ungo alitolewa shule. Muthulakshmi alisomea nyumbani, akafaulu mtihani, kisha akaomba nafasi katika Chuo cha Maharaja, ambacho kilikuwa cha wavulana. Wazazi wa wavulana walilalamika, lakini mfalme wa Pudukkottai aliamuru apokewe. Mwaka 1907 aliingia Chuo cha Udaktari cha Madras na mwaka 1912 akahitimu, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa India kufikia hatua hiyo.

Mwaka 1914 aliolewa na daktari mwenzake, Sundara Reddy, kwa sharti kwamba mume amhesabu kuwa sawa naye na asimzuie katika kazi zake.

Hoja na muswada

Mwaka 1926, vyama vya wanawake vilipopigania wanawake waingie barazani, Muthulakshmi aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Madras. Wajumbe wenzake, wote wanaume, walimchagua kwa kauli moja kuwa naibu rais wa baraza hilo.

Mjumbe wa kawaida alikuwa na njia mbili za kufikisha jambo lake. Ya kwanza ni hoja. Hoja ikipita inakuwa azimio, yaani ombi la baraza kwa serikali, na serikali inaweza kulifungia kabatini. Ya pili ni muswada. Huo ukipita na kuridhiwa unakuwa sheria, na mahakama inautumia. Muthulakshmi alizitumia zote mbili.

Mwaka 1927 alileta hoja ya kuitaka serikali ikomeshe desturi ya kuwaweka wakfu wasichana mahekaluni. Msichana wa devadasi alifungwa kidani cha ndoa kwa jina la mungu wa hekalu, na baada ya hapo hakuweza kuolewa na mtu. Alicheza na kuimba katika ibada, na wengi waliishia kuwa hawara wa wenye mali. Baraza lilipitisha hoja hiyo bila kupingwa, lakini azimio halikumfunga mtu yeyote.

Ndipo alipoandaa muswada, na hapa ndipo ujuzi wake wa jamii ya mama yake ulipoonekana. Alijua kwamba desturi hiyo ilikuwa na mizizi ya dini, lakini pia ilikuwa na mizizi ya shamba. Familia za devadasi zilipewa ardhi kwa masharti ya utumishi wa hekaluni. Utumishi ukikoma, ardhi inarudi. Kwa hiyo kila kizazi kilitoa binti ili familia isipoteze shamba. Binti ndiye aliyekuwa rehani.

Badala ya kuanza na marufuku, muswada wake wa mwaka 1928 ulikata kamba hiyo. Ulirekebisha sheria ya mali za mahekalu ya Kihindu ili wanawake hao wabaki na ardhi yao hata wakiacha utumishi. Mwaka 1929 ukawa sheria. Tangu hapo mama hakulazimika tena kumtoa binti ili alinde shamba.

Katika miaka hiyohiyo alipeleka hoja ya kutaka umri wa kuoa na kuolewa upandishwe, wakati bunge kuu la India nalo likijadili jambo hilo. Sheria ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1929 na kuweka miaka 14 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Alisukuma pia sheria ya jimbo dhidi ya madanguro na biashara ya wanawake, iliyopita mwaka 1930.

Muswada uliokosa mwenyewe

Mwaka 1930 alileta muswada mwingine, mgumu zaidi, wa kupiga marufuku kabisa kumweka msichana wakfu. Upinzani ulikuwa mkali. Baadhi ya wanasiasa wa chama cha Congress, akiwamo S. Satyamurti, waliona kwamba sheria inaingilia dini na utamaduni.

Waliopinga pia walikuwamo devadasi wenyewe. Vyama vyao viliandika barua za malalamiko, na msanii maarufu Bangalore Nagarathnamma alikuwa miongoni mwa sauti zao. Walisema hawakuulizwa, na kwamba wote wanapakwa tope moja. Walikumbusha kuwa mwanamke wa devadasi alikuwa na haki ya kurithi mali na kusoma, haki ambazo wake wengi wa ndoa hawakuwa nazo. Hadi leo wanahistoria wa India wanabishana kuhusu walichopoteza wanawake hao pamoja na desturi yao, hasa riziki ya sanaa.

Muswada ulipokuwa bado haujapita, Gandhi alikamatwa Mei 1930 kwa kuvunja sheria ya chumvi ya Waingereza. Muthulakshmi alijiuzulu ujumbe wa baraza kupinga kukamatwa huko. Muswada ukabaki bila mwenyewe. Marufuku aliyoitaka ilikuja kuwa sheria ya Madras mwaka 1947, miaka 17 baadaye.

Nje ya baraza hakukaa kimya. Wasichana wa devadasi waliokimbia walipokosa bweni la kuwapokea, aliwafungulia mlango wa nyumba yake, na hapo ndipo kilipoanzia kituo cha Avvai Home. Kifo cha dada yake kwa saratani kilimfanya apiganie hospitali ya ugonjwa huo kwa miaka mingi. Taasisi ya Saratani ya Adyar ilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1956 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan. Alifariki Julai 22, 1968, akikaribia kutimiza miaka 82.

Kutoka Madras hadi Arusha

Tofauti kati ya hoja na muswada inamhusu pia mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Rusumo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa kila mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki haki ya kuleta hoja au muswada, ingawa muswada wake haupaswi kuutwisha mfuko wa Jumuiya mzigo wa fedha.

Haki hiyo imewahi kufikishwa mahakamani. Miswada ya wabunge, ukiwamo ule wa majadiliano ya biashara ya mwaka 2004, ilichukuliwa na Baraza la Mawaziri. Wabunge watatu walifungua kesi, na mwaka 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba muswada ukishafika bungeni hauwezi kuondolewa bila ridhaa ya Bunge.

Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara vinapompelekea mbunge kero za ushuru na vizuizi, vimuulize anakusudia kuleta hoja au muswada. Akisema hoja, vijue kwamba itakayojibu ni serikali, kwa wakati wake. Akisema muswada, vimuulize pia ni wenzake wangapi watakaouendeleza iwapo yeye ataondoka.