Charles Pedersen, mkemia wa mataji

Ukurasa huu wa watu mashuhuri kwa kawaida unawapata wanasiasa na washairi. Safari hii nawaletea mkemia, tena asiyesomea PhD. Nalitaja hilo makusudi, maana sisi huku ughaibuni tunaulizana PhD kama watu wanavyoulizana salamu.

Charles Pedersen alizaliwa Busan, Korea, tarehe 3 Oktoba 1904. Baba alikuwa mhandisi Mnorwei aliyefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kaskazini mwa Korea, mama alikuwa Mjapani. Yaani mtoto hakuwa mwenyeji kamili popote. Hapa Firq ninapoishi, jirani na Nizwa, jambo hilo halihitaji maelezo: wapo wazee Waomani wanaoongea Kiswahili cha Unguja safi kabisa, kule waliitwa Waarabu na huku wakaitwa Wazanzibari.

Alipofika miaka minane akapelekwa shule Nagasaki, halafu Yokohama. Kisha Marekani: shahada ya kwanza ya uhandisi wa kemikali Chuo Kikuu cha Dayton, Ohio, na ya uzamili MIT. Akashauriwa aendelee na udaktari, akakataa, kwa kuwa gharama zilikuwa zinatoka mfukoni mwa baba yake naye alitaka kujitegemea. Mwaka 1927 akaajiriwa na kampuni ya DuPont, akakaa huko miaka 42. Alishughulika na petroli na mpira, akapata hataza 65. Kazi ya heshima, ila si ya kumfanya mtu aandikwe kwenye jarida letu.

Mambo yaligeuka 1961, akiwa na umri ambao wengi wetu tutakuwa tunahesabu pensheni. Alikuwa anatengeneza molekuli ya kushika vanadi, na malighafi yake haikuwa safi. Mwisho wa kazi akapata, pamoja na uchafu mwingi, fuwele nyeupe zenye nyuzinyuzi, kiasi cha asilimia 0.4 tu. Hakuzitafuta. Mwanafunzi anayekimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi angezimwaga. Jamaa akazipima. Akaona haziyeyuki vizuri kwenye methanoli, lakini ukitia chumvi ya sodiamu, zinayeyuka! Uzito wa molekuli nao ukatoka mara mbili ya alivyotarajia. Kumbe ilikuwa pete ya atomi 18, sita kati yake oksijeni, na sodiamu imejikalia katikati. Umbo lake likamkumbusha taji, ndiyo maana molekuli za aina hii zikaitwa etha za taji. Matokeo aliyachapisha 1967.

Utamu wenyewe uko hapa. Mafuta na maji hayapatani, kila mpishi anajua, na chumvi iko upande wa maji. Lakini taji lina oksijeni kwa ndani, zinazoivuta ioni, na kaboni kwa nje, zinazokaa vizuri na mafuta. Chumvi ikiingia humo ni kama imevaa kanzu ya mafuta. Pamanganeti ya potasiamu kwa kawaida haiyeyuki kwenye benzeni. Tia taji, benzeni yote inageuka zambarau.

Sasa igeuze kanzu hiyo ndani nje, unapata siklodekstrini: pete za glukosi sita, saba au nane zitokanazo na wanga, alizozieleza Mfaransa Villiers mwaka 1891. Nje zinapenda maji, ndani kuna uwazi usioyapenda. Maji yaliyobanwa humo hayapati majirani wa kutosha wa kushikana nao mikono. Molekuli ya mafuta ikija inaingia, na maji yanatoka kujiunga na wenzao. Kwa hiyo mgeni haingii kwa sababu tu mwenyeji kamkaribisha; kazi kubwa inafanywa na maji yaliyofurahi kuondoka. Kwa maoni yangu vitabu vingi vinalipita jambo hili haraka mno.

Ubani wa hapa Oman unatusaidia kuelewa. Ukiuloweka usiku, asubuhi maji yamekuwa meupe kama maziwa: gundi yake imeyeyuka, utomvu wa mafutamafuta umegoma na kubaki matone madogo. Asidi za bosweli zilizomo kwenye utomvu huo mwili unazifyonza kwa shida, na watafiti wamejaribu kuzipandisha kwenye siklodekstrini ili ziweze kusafiri majini.

Pedersen alistaafu 1969 na kuwaachia wengine uwanja. Jean-Marie Lehn, Mfaransa, alitoka kwenye pete akaenda kwenye vizimba vinavyomfunika mgeni pande zote. Donald Cram, Mmarekani, alijenga wenyeji ambao nafasi yao ya ndani imeshaandaliwa kabla mgeni hajabisha hodi. Watatu hao walipewa Nobel ya kemia pamoja mwaka 1987. Pedersen alikuwa na miaka 83 na saratani ya uboho ilikuwa imeshamdhoofisha, lakini alikwenda Stockholm mwenyewe kuipokea. Alifariki Salem, New Jersey, tarehe 26 Oktoba 1989.