Miaka 10 ya Kungoja Mtoto: Maisha ya Catherine de' Medici



Leo tuzungumze juu ya jambo linalowaliza wengi usiku, lakini mchana hawalitaji. Mmefunga ndoa kanisani, mwaka umepita, wa pili umepita, na mtoto hajaja. Kwenye harusi za wengine mnaulizwa mnangoja nini. Shangazi akija kuwatembelea anatazama tumbo la mke kabla ya kumsalimu. Bwana anaanza kuchelewa kurudi nyumbani, na bibi anaanza kukosa mikutano ya jumuiya kwa kuogopa maswali.

Badala ya kuanza na mawaidha, nitawasimulia maisha ya mwanamke mmoja wa zamani, Catherine de' Medici, malkia wa Ufaransa. Sikumchagua kwa kuwa alikuwa mtakatifu. Jina lake linakumbukwa pia kwa siasa kali, na kwa damu ya maelfu ya Waprotestanti iliyomwagika Paris na miji mingine ya Ufaransa mwaka wa 1572. Hayo si ya kuiga. Lakini katika ndoa yake alipita njia ambayo baadhi yenu mnaipita sasa.

YATIMA AOLEWA UGENINI

Catherine alizaliwa Florence, Italia, tarehe 13 Aprili 1519. Kabla hajamaliza mwezi mmoja duniani, mama yake alikufa, na siku chache baadaye baba yake naye akafa. Alilelewa na jamaa zake. Vita vilipoingia Florence, watu waliowachukia jamaa zake walimshika akiwa bado mtoto, wakamweka katika nyumba za masista.

Jamaa yake mmoja alikuwa Papa Clement VII. Yeye alipanga na Mfalme François I wa Ufaransa kwamba Catherine aolewe na Henri, mwana wa pili wa mfalme. Ndoa ilifungwa Marseille mwezi wa Oktoba 1533, na Papa mwenyewe alikuwapo. Bwana na bibi harusi wote walikuwa na umri wa miaka 14. Mwaka uliofuata Papa Clement alikufa, na papa aliyemfuata hakutaka kumaliza kulipa mali aliyoahidiwa mfalme. Basi Catherine akabaki ugenini, hana baba, hana mama, hana mali ya kujivunia. Kitu kimoja tu ndicho kingempa heshima katika nyumba ile, nacho ni mtoto.

LAWAMA ZAMWANGUKIA MKE

Mwanzoni hakuna aliyejali sana, kwa kuwa Henri hakuwa mrithi. Lakini mwaka wa 1536 kaka yake mkubwa alikufa, na Henri akawa ndiye atakayekuwa mfalme. Tangu siku hiyo, tumbo la Catherine likawa shauri la nchi nzima.

Mwaka wa 1538 Henri alipata mtoto wa kike kwa mwanamke mwingine, huko alikokuwa ameenda vitani. Watu wakaona shauri limekwisha. Ikiwa bwana amezaa nje, basi tasa ni mke. Tena Henri alikuwa na hawara, Diane de Poitiers, mjane aliyemzidi umri kwa karibu miaka 20, na mapenzi yake yote yalikuwa huko. Ikulu wakaanza kunong'ona kwamba yule Mwitaliano arudishwe kwao, mwana wa mfalme atafutiwe mke mwingine.

Wanandoa wenzangu, je, maneno haya ni mageni kwetu? Badilisheni majina tu, mtafikiri ni habari za kijijini kwenu.

Balozi mmoja wa Venice aliandika jinsi Catherine alivyojitetea. Alikwenda kwa baba mkwe wake, akamlilia. Akamwambia kwamba yuko tayari kuingia utawani, au kubaki kumtumikia mke atakayeletwa, ikiwa ndiyo faida ya nchi. Mfalme François aliingiwa na huruma. Akamjibu kwamba Mungu ndiye aliyetaka awe mkwe wake, na hatamfukuza. Neno moja la baba mkwe lilimwokoa. Ninyi wazazi wa bwana, kumbukeni hilo.

DAWA ZA KILA NAMNA

Wakati huo wote Catherine alikuwa akitafuta dawa. Aliomba, kama ilivyo haki, lakini pia alisikiliza waganga na wapiga ramli. Inasimuliwa kwamba alijipaka dawa ya kinyesi cha ng'ombe iliyochanganywa na pembe za kulungu zilizosagwa. Inasimuliwa tena kwamba alikunywa mkojo wa nyumbu, yaani yule mnyama wa kubeba mizigo anayezaliwa na punda na farasi.

Tusimcheke. Mtu anayezama hushika hata jani. Hata leo wako wanaouza mbuzi ili kulipa mganga, wanaokunywa mizizi isiyojulikana, na wanaozunguka kutoka mhubiri mmoja hadi mwingine wakitoa sadaka ya kununua muujiza. Pesa huisha, miaka husonga, na ugonjwa, kama upo, unabaki palepale.

DAKTARI AWATAZAMA WOTE WAWILI

Mwishowe, inasimuliwa, akaitwa Jean Fernel, daktari msomi kuliko wengi wa wakati wake. Yeye alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Hakumtazama mke peke yake, aliwatazama wote wawili. Akaona kwamba katika maumbile ya kila mmoja wao palikuwa na hitilafu ndogo, akawapa shauri la namna ya kukutana kama mume na mke. Madaktari wa siku hizi waliosoma habari za Henri wanadhani njia yake ya mkojo ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Yule aliyesifiwa kuwa mzima, kwa sababu tu alizaa nje, naye alikuwa na sehemu yake katika tatizo.

Tarehe 19 Januari 1544, baada ya miaka 10 na miezi ya ndoa, Catherine alijifungua mtoto wa kiume. Kisha wengine wakafuata, hata wakafika 10. Uzazi wa mwisho, wa mapacha mwaka wa 1556, nusura umwue, na mapacha wote wawili wakafa. Madaktari wakamwambia asizae tena.

WATOTO HAWAKUPONYA KILA KITU

Wengine wangemalizia hadithi hapa, na kusema subirini, mtapata 10. Mimi sithubutu kuwaahidi hivyo. Tena maisha ya Catherine hayakuishia hapo.

Watoto 10 hawakumrudisha Henri kwa mkewe. Diane alibaki na nafasi yake hadi Henri alipokufa kwa jeraha la mchezo wa mikuki, Julai 1559. Na katika wale watoto 10, Catherine alizika 8. Wawili wa kike waliokuwa wamekua na kuolewa walikufa kwa mambo ya uzazi, mmoja mwaka wa 1568 na mwingine mwaka wa 1575. Wanawe watatu walikuwa wafalme wa Ufaransa, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyeacha mwana wa ndoa wa kurithi kiti. Mtoto ni baraka kubwa, lakini hawezi kubeba ndoa ambayo wazazi wenyewe wameiangusha.

MKWE ALIYEKOSA MTOTO

Mwana wa tatu kuwa mfalme, Henri III, alimwoa Louise wa Lorraine Februari 1575. Mzigo ule ule ukawaangukia. Inaaminika kwamba Louise alipata mimba mapema ikaharibika, na baada ya hapo hakuzaa kamwe. Walihiji kwa miguu kwa Bikira Maria wa Chartres, zaidi ya mara moja. Louise alikwenda kuoga katika chemchemi za maji moto. Mtoto hakuja.

Henri III alikuwa na makosa mengi, lakini hili hakulifanya: hakumfukuza mkewe. Alipochomwa kisu mwaka wa 1589, aliagiza barua iandikwe kwa Louise kabla hajafa. Louise alivaa nguo nyeupe za ujane, akaishi kwa sala hadi kifo chake mwaka wa 1601.

Na Catherine? Alikufa Blois tarehe 5 Januari 1589, akiwa na umri wa miaka 69, miezi michache kabla ya mwanawe. Alikuwa na nyumba moja aliyoipenda mno, jumba la Chenonceau lililojengwa juu ya mto. Katika wosia wake alimwachia Louise, yule mkwe asiyemzalia mjukuu hata mmoja. Aliyewahi kunong'onwa kuwa tasa hakusahau.

SISI TUJIFUNZE NINI?

1. Nendeni wawili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Na karibu nusu ya nyakati, upande wa mume una sehemu yake: mbegu chache au dhaifu, mishipa iliyovimba kwenye korodani, madhara ya matumbwitumbwi ya ukubwani, pombe na sigara. Bwana, nguvu za chumbani si ushahidi wa mbegu. Kipimo chako ni rahisi kuliko vya mkeo. Basi tangulia wewe.

2. Msichelewe. Mkikutana kawaida kwa mwaka mzima bila mimba, mwoneni daktari. Mke akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Akiwa hapati hedhi kwa taratibu, au aliwahi kuugua ugonjwa wa nyonga, nendeni mapema zaidi. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huziba mirija ya uzazi. Kuna matatizo yanayotibika kwa vidonge vya kukomaza yai, mengine kwa upasuaji.

3. Jueni siku zenu. Yai huishi kama siku moja tu, lakini mbegu huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mke. Kwa hiyo siku za rutuba katika mwezi ni kama 6. Ute wa mke ukiwa mwororo, unaovutika kama ute wa yai la kuku, ndizo siku hizo. Njia ya Billings, ambayo wengi huijua kwa kupanga uzazi, husaidia pia kutafuta mtoto.

4. Ulizeni kabla ya kukubali. Kanisa halikatazi tiba. Linabariki kila tiba inayoponya mwili na kusaidia tendo la ndoa lizae. Haliruhusu njia inayochukua mahali pa tendo hilo, kama vile kutungisha mimba katika chupa ya maabara, au kutumia mbegu au yai la mtu wa tatu. Mafundisho hayo yalielezwa katika waraka Donum Vitae wa mwaka wa 1987. Sababu ni kwamba mtoto ni zawadi ya upendo wa wawili, wala si kitu cha kutengenezwa, na katika maabara viinitete vingi hugandishwa au kutupwa. Lakini mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo ni mtu kamili, apendwe na abatizwe kama wenzake. Mtu asimnyoshee kidole wala yeye wala wazazi wake.

5. Ndoa yenu ni kamili. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, yasema wazi kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Bwana, usikubali kuletewa mke wa pili na wajomba. Bibi, usimtangaze mumeo sokoni. Anayeulizwa maswali na jamaa zake, huyo ndiye ajibu. Bwana awajibu wa kwao, bibi awajibu wa kwao, na jibu liwe moja.

6. Wekeni mpaka. Amueni pamoja mtatumia pesa kiasi gani, na mtatafuta tiba hadi lini, ili kutafuta mtoto kusiwale ninyi wenyewe. Kisha fikirieni pia kuasili mtoto kwa njia ya sheria. Msikimbilie jambo hilo kwa machozi. Mlifanye mioyo yenu ikiwa imetulia.

KWENU WAWILI JIONI HII

Zimeni redio, kaeni pamoja, mjibu maswali haya kwa zamu bila kukatizana:

Je, kuna neno nililosema, au nililoliacha wa kwetu waseme, lililokuumiza kwa sababu ya mtoto?

Je, nani kati yetu bado hajapimwa, na tutakwenda siku gani?

Je, mtoto asipokuja kamwe, bado utanichagua mimi?

Hilo la mwisho lijibuni kwa sauti, mkiwa mmeshikana mikono. Kisha salini Salamu Maria moja, mkalale.